Mbio Ndefu za Buluo hadi Likasi

Mama Feza mpenzi,

Nimefika salama, miguu tu ndiyo imejaa malengelenge. Jua lilinichoma tangu Buluo. Sokoni Kikula, mama mmoja muuza samaki alinipigia kelele: "Citoyen, nani iko anakufukuza?"

Nikasimama, nikamweleza kwamba nakimbia kuchangisha pesa za darasa la watoto wenye otisimu, kama binti yetu ambaye hajasema neno mpaka leo.

Akaninong'oneza: "Miye pia niko na mutoto wa vile. Bantu banasema ni bulozi, njo maana namufungiaka ndani."

"Haiko bulozi, mama," nikamwambia. "Siye wa kwetu tunaendaka naye mpaka misa."

Akafunika samaki wake, akaondoka bila kuaga. Lakini nilipokaribia mwisho wa mbio nilimwona kando ya barabara na msichana wake, ambaye alikuwa ameziba masikio kwa sababu ya vigelegele. Nikawaomba watu wanyamaze. Wakanyamaza kweli, wote, na nikamaliza mbio katika kimya kile, mtoto akinitazama.

Mbusu Feza shavuni, kama atakubali.

Wako, Baba Feza