Dada Fundi, Mramba Hajarudi Mperani

Mwaka umetimia, dada, tangu cherehani yako inyamaze katikati ya kola. Shati lenyewe bado linaning'inia nyuma ya mlango na kola yake nusu. Hakuna aliyethubutu kulimalizia.

Mtaa mzima ulikuita Dada Fundi. Ulishona sare za shule uani, chini ya mpera, ukiwa umeupa mgongo ukuta wa jirani. Ulikuwa mpole mpaka wateja wakakuonea. Mama alikuwa akisema, "Huyu hata akikanyagwa, atauliza kama mguu wa mwenzake umeumia."

Mabaki ya nyuzi hukuyatupa. Siku moja ulimkuta kinda kiotani, uzi mrefu umemkaza mguu mpaka ukakauka. Tangu hapo uliyakata mafupi kama kucha, ukayaweka ndani ya kopo la maziwa juu ya ukuta, ndege wajichagulie. Viota vya mperani vikawa na rangi za shule zote za mtaani.

Uliyempenda kuliko wote ni mramba, yule ndege mweusi mwenye mkia uliofunguka kama mkasi. Kunguru wakija kuiba makinda, yeye, mdogo kama ngumi, alimwendea mkubwa wao kwa nyuma, akamgonga kisogoni, huku akipiga kelele mpaka ndege wengine wakatoka kusaidia. Uliacha kukanyaga cherehani ukatazama. "Kaka, umemwona? Hangoji awe mkubwa kwanza."

Kisha nyuma ya ukuta likawashwa tanuri la kuyeyushia betri kuukuu za magari. Moshi wake ulikuwa na ladha ya msumari mdomoni. Mijusi wakaanza kudondoka ukutani kama vipande vya chokaa. Vyura wa mtaroni wakanyamaza. Sisi tukamlaumu paka. Paka wa watu tukamkimbiza na ufagio, naye akafa vilevile, tena bila ufagio kumgusa. Wewe peke yako ulisema, "Paka gani anamaliza vyura wa mtaro mzima?" Na watoto wa nyumba ya pili wakaanza kuumwa matumbo, na kusahau njia ya dukani.

Mimi nilihutubia mikutano, nikapigiwa makofi, na tanuri likaendelea kuwaka. Wazee wakakushauri utulie: "Mwenye nguvu mpishe, binti." Ukajibu huku ukitia uzi kwenye tundu la sindano, "Mramba hajaisikia hiyo."

Kwenye mkutano uliofuata uliingia na sinia, limefunikwa kitambaa cheupe ulichokipiga pasi mwenyewe. Mwenye tanuri alikuwa amekaa kiti cha mbele. Akacheka: "Dada Fundi, leo umetuletea kitoweo?" Watu wakacheka naye. Ninawakumbuka wote waliocheka, kila mmoja na kiti chake.

Ukafunua. Makinda, mijusi, na mramba wako juu yao. Ukalisogeza mbele yake.

"Hawa ni wa wiki hii, mzee," ukasema. "Nimeanza na hawa kwa sababu ni wepesi kubeba. Wiki ijayo unataka nikuletee nini?"

Mama mmoja akainuka, akambeba mwanawe, akaja kusimama nyuma yako. Kisha mwingine. Kisha safu nzima. Kesho yake tanuri likazimwa.

Lakini ule ukuta ulikuwa umekwisha kuchukua chake mgongoni mwako. Daktari alisema figo. Hakusema zimeharibiwa na nini. Sisi tunasema.

Leo hatuna habari njema za kukupa. Wenye tanuri walikingoja kimya chako, dada. Udongo wa kaburi haujatulia, wakapaka geti rangi, wakabadili kibao, wakawasha. Sasa wanayeyusha siku za mvua, moshi usionekane. Kopo lako la nyuzi limejaa, hakuna anayekuja kuchagua. Mramba hajarudi mperani. Juzi tumeokota mjusi kwenye kanyagio la cherehani yako. Na binti wa mdogo wetu, yule aliyekuwa akikuokotea sindano kwa sumaku, ameanza kujikwaa mahali pasipo na kitu. Tumempeleka hospitali. Majibu bado.

Safari hii paka hatumlaumu.

Kwa hiyo hatutakukumbuka kwa kukaa uani na kupangusa machozi. Jumamosi asubuhi familia itakutana mbele ya lile geti jipya, na mwenye miguu aje. Sinia lako tumelisugua, kitambaa kimepigwa pasi. Tutalifunua likiwa tupu. Uliuliza wiki ijayo wataletewa nini. Safari hii jibu ni binti huyo, naye atakwenda kwa miguu yake, kama bado inamtii.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye sasa anakaa kwenye kiti chako, ila ukuta ameupa uso. Na mdogo wako, mumewe na binti yao. Na majirani waliosimama nyuma yako, pamoja na wachache waliocheka wakajuta. Na mimi kaka yako, niliyejua kupiga kelele kabla hujanionyesha pa kugonga.

Daima hatutakusahau, dada. Nao hatutawapa nafasi ya kukusahau.