Manjano Niliyokuwa Naifuta

Jumapili, hapa Miyuji. Upepo umevuma toka alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi.

Nina miaka sabini na nne. Nimezika wadogo zangu wawili, nimezeesha kamera sita, na wapiga picha wote tulioanza nao enzi za filamu wamekufa au wameacha. Mimi bado nipo. Nimeishia darasa la nne na hii naiandika mwenyewe, kwa vidole viwili.

Leo lakini sina raha.

Picha za harusi ya Chamwino zilirudishwa. Bibi harusi alisema nimemtoa kama mtu wa mochwari. Nikamjibu macho yake ndiyo mabovu.

Jana akaja Neema, binti wa marehemu mdogo wangu, anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha picha mjini. Alikuja na kifaa cha kupima rangi za skrini, kidogo kama kipanya cha kompyuta. Akaniamkia, kisha akaniuliza skrini yangu naisawazisha kwa kitu gani.

Nikamwambia, kwa ugali wa uwele. Naweka sahani pembeni, nachezea rangi mpaka kijivu cha skrini kifanane na ugali. Nani Dodoma hii asiyeijua rangi ya ugali wa uwele?

"Baba mkubwa, uwele una ukijani na umanjano ndani yake," akasema. "Skrini yako yote imeingia manjano. Ndiyo maana unawafuta watu manjano ambayo hawana."

Nilibisha. Kubisha ndiyo kazi yangu ya pili.

Tukafunga pazia, tukaiacha skrini iwake nusu saa, akakining'iniza kifaa juu ya kioo. Rangi zikapita moja moja. Mama Nyemo, mke wangu, akapita na ndoo yake.

"Mnaipima homa? Ikizidi mpelekeni zahanati."

Kifaa kilipomaliza, bibi harusi kwenye picha niliyomtengenezea alikuwa wa bluu kweli. Tukafungua picha zilezile kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla sijazigusa. Watu wote wako sawa, ngozi zao wenyewe, macho meupe.

Isipokuwa mmoja.

Mama Nyemo alikuwa harusini, amesimama upande wa akina mama. Weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano kama mafuta ya alizeti.

"Kifaa chako kibovu," nikamwambia Neema.

"Kingekuwa kibovu wangekuwa hivyo wote, baba mkubwa."

Nikafungua picha yake ya Pasaka. Manjano kidogo. Nikafungua ya wakati wa mavuno. Imezidi. Zote hizo nilizisafisha kwa mkono huu, nikajisifu kwa watu kwamba mke wangu hazeeki.

Mtu unayemwona kila siku humwoni. Miezi miwili sasa anajikuna mikono, ugali anaacha nusu. Tulisema ni vumbi. Tulisema ni uzee.

Nikatoka nje kumtazama juani. Nikamtazama mpaka akaacha kufua.

"We mzee, ndiyo unaniposa leo?"



Sijui ni nini, mimi si daktari. Ila najua rangi, na ile siyo rangi ya kuchezea. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Nimemwambia ni mimi ninayeumwa, anisindikize, maana ningesema ni yeye angenicheka na kwenda shambani. Tukifika mlangoni nitamwambia ukweli, hata akinitukana mbele ya watu.

Asiyeniamini akamwulize Neema. Alikaa kwenye stuli pembeni yangu, akaona kila nilichokiona. Mama Nyemo msimwulize. Sasa hivi ananipigia pasi shati la kwendea hospitali, ananiambia nisiogope.