Mstari Niliouruka

Saltley,
Birmingham,
Uingereza.
Jumapili, 16 Novemba 2025.

Mpendwa Shangazi Mwanamize,

Nauli yetu ya kuja Wete imebaki nusu, na sababu ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote. Nimelitanguliza hili kwa kuwa nikianza na salamu, najijua, nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe.

Sasa shikamoo, Shangazi. Goti la Bibi linaendeleaje na mvua hizi za vuli? Sisi wazima, baridi tu. Ile picha ya chumba mlichotupakia chokaa naitazama kila siku, hata msumari wa kutundikia chandarua nimeshaujua.

Hapa mimi ndiye msomaji wa Baba. Barua ya hospitali, ya shule, ya umeme, zote huniletea: "Haya wakili wangu, wanasemaje?" Kiingereza cha ghalani anakofanya kazi anakiweza, cha karatasi kinamshinda.

Mwezi wa tano mwenzake wa kazini, Ajit, alimweleza habari za mfuko wa uwekezaji, unaouzwa kwenye soko la hisa kama hisa yoyote. Soko likipanda asilimia moja, wenyewe hupanda tatu; likishuka, nao hushuka mara tatu. Baba akanipa simu nimsomee maelezo. Palikuwa na mstari unaosema hesabu hiyo ni ya siku moja tu, mfuko haufai kuwekwa muda mrefu. Niliusoma na kuurudia, sikuuelewa, nikaona haya kusema sijui. Nikamwambia, "Mengine ni maneno ya sheria tu, Baba." Akatia nauli yote.

Juzi akaniuliza, taratibu kabisa, "Soko limerudi pale pale, Asma. Mbona pesa hazikurudi?"

Nikasema sijui, na wakati huo nilikuwa nimeshapiga hesabu nyuma ya daftari. Soko la mia likishuka kumi, kesho likizipata kumi zake, limerudi mia. Mfuko wa mara tatu siku ya kwanza umeshuka mpaka sabini, na kesho, soko likipanda sehemu moja ya tisa ya tisini zake, wenyewe unapanda theluthi, ila ya zile sabini, si ya mia. Unaishia tisini na tatu. Soko letu limeyumba hivyo miezi, Shangazi.

Baba anadhani Ajit kamdanganya. Hawali tena pamoja. Na Ajit ndiye aliyemwambia, kwanza tafuta mtu akusomee vizuri.

Sasa ameuona mfuko mwingine, unaopanda soko likishuka. Anasema soko likisharudi juu hivi litaanguka tu, nauli irudi kabla ya Idi. Nimeyasoma maelezo yake yote safari hii. Nao ni wa siku moja moja. Leo akitoka zamu anataka nimsomee, ndipo atie ile nusu.

Nimewakumbuka, jamani. Ile alama ya mkaa aliyonipimia Bibi kwenye mlango wa jiko nilipokuwa darasa la tano, msiipake chokaa. Nataka nisimame pale tena. Nisalimie Bibi, umbusu mikono, na kaka Mkubwa na wanawe.

Viatu vya Baba hivyo, yuko kwenye ngazi. Tangu asubuhi kila nikisikia hatua nimekuwa nikiisukuma karatasi hii chini ya kitabu cha hesabu. Sasa naiacha hapa mezani, wazi. Ni Kiswahili. Hii ataisoma mwenyewe.

Mola awatunze mpaka atukutanishe.

Mwanao anayekupenda na kukukumbuka,
Asmahan