Aliyewasha WiFi Si Wewe

Maren, supu ya mchele wa porini iko kwenye friji, ipashe moto. Ruta, kile kisanduku cha WiFi, nimeichomoa makusudi, usiiguse.

Asubuhi nilipokufokea uliniambia, "Mama, sikuiwasha mimi." Sikukuamini. Jana niliizima WiFi kwa ile skripti yangu, programu fupi niliyojiandikia, unayoicheka, leo nikaikuta inawaka. Ulipokwenda shule niliandika tena amri ya kuizima. Ikazimika, kisha taa yake ikawaka nikiitazama. Nikaiuliza ruta amri ya kuiwasha imetoka wapi. Ikanionyesha kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Sisi hatuna kompyuta ya waya. Nisamehe, mwanangu.

Hapo niliweka kalamu nikaufuata waya. Unapita nyuma ya kabati, unashuka orofa ya chini ya ardhi hadi nyuma ya tanuri la kupasha nyumba joto. Pale kuna blanketi limekunjwa vizuri, na kikombe cha kahawa ambayo bado ni ya moto.

Polisi nimewapigia. ~~Ukifika, jifungie chumbani unisubiri.~~ Hapana. Nakuja kukuchukua shuleni sasa hivi. Tukipishana njiani, usivue hata koti, vuka barabara uende kwa Shangazi Solveig. Usiniite. Ukisikia mtu anatembea huko chini, si mimi.

Mama