Koti la Miavuli Miwili

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni karani wa ofisi ya maji, nina miaka arobaini na sita, mke wangu ni fundi cherehani, na tatizo langu ni koti. Usicheke kwanza. Miaka tisa iliyopita nilipoanza kuendesha baiskeli kila Jumapili na kikundi cha wenzangu, mke wangu alichukua miavuli miwili iliyovunjika vyuma, mmoja mweusi na mwingine wa buluu, akaifumua, akaingiza baiskeli yangu sebuleni, akaniambia, "Panda, inama kama unavyoinama barabarani, na usinichezee," akanipima nikiwa nimeinama vivyo hivyo huku mama mkwe amekaa kwenye kochi anatutazama kama watu waliorukwa na akili, ndipo akanishonea koti ambalo mgongoni ni refu kuliko mbele, maji hayaingii, upepo hauingii, na kila mwaka mvua zikiisha hufumua viwiko vilivyochakaa akatia viraka vipya, nami hukaa karibu yake na chai yangu nikimsimulia nimepita wapi na nimeona nini.

Sasa kikundi chetu kina ugonjwa wake. Kila mwaka yakitoka makoti mapya, glavu mpya, viatu vipya, wote wananunua, na vya mwaka jana wanavitazama kama takataka. Mimi wakanibatiza Mwavuli. Nikitokea tu, kiongozi wetu, ambaye ni daktari wa meno, anasema, "Jamani, mvua inakuja, Mwavuli kafika!" nami nacheka nao, lakini mshauri, iliniuma. Basi mwaka juzi nikanunua koti la dukani nikalificha chini kabisa kwenye begi, na tangu hapo kila Jumapili natoka nyumbani nimevaa la mke wangu, yeye mwenyewe ananifungia zipu hadi shingoni na kunipiga begani, nafika kituo cha mafuta naingia chooni kubadilisha, na wakati wa kurudi napita tena chooni kulivaa la kwake. Mwaka uliofuata koti langu jipya likawa limepitwa na wakati, nikanunua la pili, na mwaka huu la tatu, na nikwambie ukweli, yote matatu yananipanda mgongoni nikiinama, kiuno kinalowa, na zipu ya la kwanza ilikufa kabla ya mwaka kuisha.

Aibu yenyewe ndiyo hii. Koti la mke wangu likawa halichakai, nikaogopa atashangaa, kwa hiyo kila mvua zikiisha nikawa nalisugua viwiko kwenye ukuta wa nyuma ya ofisi. Mwaka juzi akatia viraka, mwaka jana akatia viraka. Mwaka huu alianza kushona, akasimama, akakigeuza kiwiko kwenye mwanga wa dirisha, akakipitishia kidole gumba, akasema, "Mume wangu, ulikuwa unaendesha baiskeli au unapanda ukuta?" Nikasema nilianguka. Akanitazama. Akachomeka sindano palepale kwenye kiwiko, uzi ukining'inia, akalitundika koti nyuma ya mlango, akaenda jikoni. Wiki mbili sasa liko pale. Chakula ananipa, salamu ananipa, lakini habari za koti hazigusi, nami Jumapili mbili nimesingizia goti. Nikipita mlangoni ile sindano inanitazama. Nikiungama nitamvunja moyo, nikinyamaza naona nampoteza kidogo kidogo. Naogopa hatanishonea tena, na si koti tu ninalolililia, ni kile kikao chetu cha chai. Nifanyeje?

Mwavuli

*

Mwavuli, nakuita hivyo kwa heshima, maana ni jina zuri kuliko unavyostahili mwezi huu.

Pole, kwanza. Kuchekwa kunauma hata ukiwa na mvi, na hakuna mtu mzima asiyewahi kununua kitu ili anyamazishe watu. Lakini ukutani, baba? Umeishi na fundi cherehani miaka yote hiyo ukadhani hatambui kitambaa kilichosuguliwa na kilichochakaa? Kinachochakaa kwa mkono kukunjika huliwa taratibu kwenye mkunjo. Cha ukutani hukwaruzika nyuzi na kubaki na vumbi la chokaa. Mke wako alijua tangu mwaka wa kwanza. Alijua, na bado akatia kiraka, mara mbili, akingoja useme.

Halafu jisomee barua yako mwenyewe. Makoti matatu yamekulowesha kiuno, na lile moja lilikukinga miaka yote kabla ya hapo. Yale yalikatwa kwa ajili ya mtu yeyote, hili lilikatwa kwa ajili ya mgongo wako ukiwa umeinama. Hilo si la kulionea haya mbele ya daktari wa meno.

Kwa hiyo fanya hivi, leo, kabla ya chakula. Toa makoti yote matatu ya dukani uyaweke mezani mbele yake. Mwambie kila kitu: choo cha kituo cha mafuta, ukuta, na ule uongo wa kuanguka. Usijitetee kwa kuwasingizia wenzako, wala usimletee zawadi. Akinuna, acha anune. Akicheka ule ukuta, na nadhani atacheka, cheka naye. Kisha mwombe ayafumue hayo matatu achukue kitambaa cha viraka, maana hapo angalau yatakuwa na faida. Jumapili vaa la kwako kuanzia mlangoni hadi mlangoni. Wakikuita Mwavuli, itika. Na usinielewe vibaya: breki zikiisha badilisha, kofia ngumu ikigonga chini nunua nyingine siku hiyo hiyo. Hayo ni maisha yako, si mtindo.

La mwisho ni hiyo sindano unayoiogopa. Nami nilikuwa mshonaji kabla ya kazi hii ya kusoma barua za watu. Fundi akikata tamaa na nguo huchomoa sindano yake, akakata uzi, akairudisha sindano mahali pake. Akiiacha imechomekwa, ameweka alama atakapoendelea. Chemsha chai, mwanangu, vikombe viwili, ukakae karibu yake.