Usikubali Kukatwa Kovu la Sikio

Mjukuu wangu Hawa,

Assalam aleikum. U mzima huko Nairobi? Sisi wa Garsen hatujambo, alhamdulillahi, na ng'ombe wamepata majani.

Waniuliza kama ukakatwe kovu la sikio kabla ya harusi? Hapana, mama! Langu lilipovimba baada ya kutogwa, shangazi alilichoma kwa chuma cha moto. "Ndama huchomwa akapona, wewe nani?" Likarudi kubwa kama tende! Ngozi yetu ikiumizwa hupitiliza kujiponya.

Sasa sikia! Daktari wa Hola analidunga kovu langu lenyewe sindano ya dawa, na limenywea! Jana nilifunga mtandio nyuma ya masikio, sifichi tena, babu yako akauliza, "Huyu bibi arusi wa nani?"

Nijibu upesi, kabla hawajakushikia wembe.

Bibi yako