Sweta Ulilolipendea Bitana

Mama yangu uliye ughaibuni,

Nimeamua kukuandikia barua ya wazi kwa sababu simu imenishinda. Kila nikikupigia, kaka huweka sauti ya juu, mkewe anasalimia, mtoto analia, na wewe unaniuliza habari za ng'ombe kabla sijafungua mdomo. Hakuna siri inayopita hapo. Basi hii na isomwe na wote, kaka akiwa wa kwanza, maana mwishoni ina neno lake.

Ng'ombe hajambo. Nitamfikia.

Nataka kwanza nikukumbushe siku tuliyonunua sweta. Tulikuwa Nyamira, mvua imetunyeshea, na wewe umeinama kwenye rundo la mitumba ukigeuza nguo ndani nje, kwa kuwa hujawahi kununua nguo kwa kuitazama usoni. Ukaibuka na lile jeusi lenye kofia. Ndani lilikuwa na bitana nene, ile inayoshika joto. Mbele lilikuwa na picha ya kijana mweupe pe, midomo myekundu, meno mawili yamechomoza, na msichana amemwegemea kifuani akiwa na raha zake zote.

Nikakunong'oneza, "Mama, huyu ni mnyonya damu. Ni wa vitabu vya mapenzi, wasichana wa shule wamerukwa na akili kwa ajili yake. Anakunywa damu za watu."

Ukamtazama kwa huruma. "Na chai hanywi?"

"Hanywi."

"Ndiyo maana amekonda," ukasema, ukaanza kupatana bei.

Nilicheka mpaka mwenye mitumba akacheka nami bila kujua sababu. Nikakuambia watu wa kijijini kwetu Gesima watakusema. Ukanijibu kwamba watu wa Gesima hawajawahi kukununulia blanketi. Ukalivaa palepale, na kusema kweli lilikukaa vizuri.

Yaliyofuata niliyapata vipande vipande. Ulikuwa kwenye foleni ya kupimisha majani chai, kikapu mgongoni, kijana wako wa sweta kifuani, Kerubo wa jirani akapita na mwenzake wakitoka shule. Akasimama kama aliyeona nyota wa mpira. "Magokoro," akakuuliza, akikuita bibi kwa Ekegusii, "kumbe na wewe ni mmoja wetu?" Ukamwambia ndiyo. Baadaye nilipokuuliza ulidhani wanazungumzia nini, ulisema hukujua wala hukuhitaji kujua. Mtoto akikuuliza kwa adabu kama wewe ni mmoja wao, utamjibu hapana vipi?

Jumapili hiyo wakaja na kitabu.

Mimi habari hizo nilizipata kutoka kwa mke wa shemasi, na yeye hakuzileta kwa upole. Alinipigia simu kazini kuniambia kwamba mama yangu anavaa shetani na anakusanya watoto wa watu jikoni. Unajua nilivyokuwa wakati huo. Tangu baba atutoke, nilikuwa nakuona mpweke katika ile nyumba, na nilikuwa nimekutengea chumba kwangu Nyamira, kitanda na pazia tayari. Nikasema sasa nimepata sababu. Nitaenda nimvue sweta, nimfungie mizigo, nije naye.

Nilifika mlangoni nikawakuta wasichana wanne kwenye vigoda. Hakuna aliyekuwa amekaa bure, maana kwako masikio hayasikii kama mikono haina kazi. Mmoja alichambua maharagwe, wawili walimenya ndizi, na Kerubo alisoma Kizungu cha kile kitabu kwa sauti ya mtangazaji. Akinyi, yule ambaye baba yake alitoka upande wa ziwa akafungua duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni, alikuwa akikutafsiria kwa Kiswahili, kwa kuwa Ekegusii chake bado ni cha kuombea maji. Nawe ulikuwa ukimjibu kwa Kiswahili chako cha sokoni ambacho sijawahi kukusikia ukikizungumza kwa raha hivyo.

"Hii kijana," ulikuwa ukiuliza, "iko na shamba?"

"Hana, magokoro. Ako na jumba kubwa tu."

"Na mama yake iko wapi?"

"Alikufa kitambo sana. Miaka mingi."

"Sasa nani anaambia yeye akalale? Kila usiku anatembea, anatembea tu."

Wasichana wakaangua kicheko. Walikuwa wote upande wa mnyonya damu, na wewe peke yako upande wa mpinzani wake, daktari wa mifugo, kwa sababu ukurasa fulani alikuwa amezalisha ng'ombe kwenye mvua bila kudai malipo. Ulimtetea yule daktari utafikiri ni mpwa wako.

Kisha ukaniona. Hukuuliza nimefuata nini. Ulisogeza kigoda kwa mguu, ukasema, "Keti, tumefika mahali pabaya." Nikaketi. Nikapewa ndizi nimenye. Jioni nilirudi Nyamira peke yangu, na ile habari ya chumba sikuigusa tena, maana nilikuwa nimeona nyumba yako, na haikuwa na upweke wowote.

Wewe ndiye uliyebadilika taratibu, usinikatalie. Kufikia kitabu cha tatu ulikuwa unamwita mnyonya damu "mtoto wangu". Ulisema si mbaya, amekosa tu watu.

Halafu kaka akapata mtoto, tikiti ikaja, ukaenda. Mimi niliyetaka kukuhamishia kwangu nikahamia kwako, niangalie ng'ombe na majani chai, ofisini naenda nikirudi. Sweta uliliacha kwenye msumari wa jikoni. Nilidhani umelisahau, mpaka asubuhi ya kwanza niliposhika ndoo. Yule ng'ombe alinitazama, akabana maziwa yote, akanipiga na mkia. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikavaa sweta lako, na maziwa yakashuka kama hakuna kilichotokea. Tangu hapo nakamua nikiwa na mnyonya damu kifuani.

Kerubo alinikuta hivyo nikipeleka maziwa barabarani. "Hata wewe, anti?" akauliza. Nikamwambia ni kwa ajili ya ng'ombe. Akatabasamu kama mtu anayemtunzia mwingine siri.

Siku nyingine nilichelewa, nikafika nalo ofisini. Nilieleza habari ya ng'ombe, na kadiri nilivyoeleza ndivyo wenzangu walivyozidi kutoamini. Siku yangu ya kuzaliwa wakaninunulia kikombe chenye picha ya kijana yuleyule. Nakinywea chai, kwa hiyo sasa angalau anaionja.

Na Jumapili wasichana wakaja. Niliwaambia mama hayupo. Akinyi akasema, "Tunajua. Lakini wewe uko." Ningeweza kuwaambia kwamba mimi si shabiki, kwamba hadithi za damu hunichefua na mapenzi ya kitabu hunichosha. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Nikashusha ungo wa maharagwe nikawagawia.

Tumemaliza kitabu cha nne, mama. Daktari wa mifugo yuko hai. Sikwambii zaidi.

Sasa nafika kwa neno la kaka. Juzi aliniambia kwamba anataka ubaki huko moja kwa moja. Nyumba ina joto, hospitali iko karibu, mjukuu amekuzoea. Yote ni kweli, na anakupenda, namjua. Nilipokuuliza wewe, ulisema "Tutaona". Mimi naijua "tutaona" yako. Ndiyo uliyoniambia kuhusu chumba cha Nyamira, lakini pia ndiyo uliyomwambia baba alipokuposa. Kwa hiyo sijui, na kutojua huko kunanikosesha raha hata nikikamua.

Kitabu cha mwisho kimefika. Baba yake Akinyi alikitafuta Kisii mjini alipokwenda kuleta misumari. Nilidhani Jumapili hiyohiyo tutakianza, nikawahi hata kupika chai ya tangawizi. Kerubo akakitazama jalada, akakifunga kwenye mfuko wa plastiki, akapanda kigoda, akakiweka juu ya kabati.

"Tunangoja magokoro," akasema.

Nikamwambia labda magokoro atakawia. Nikawakumbusha kwamba wanamaliza shule mwaka huu na kila mmoja atakwenda njia yake. Akinyi hakuinua uso kutoka kwenye maharagwe. "Basi atuharakishie," akasema. Na wakaendelea kuchambua, hakuna anayesoma, mimi nikiwa na sweta lako.

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba wanakuja kwangu. Walinikalisha tu kwenye kigoda chako kisipoe. Nami nakiri, mama, si wao peke yao wanaongoja. Nimekukosa. Nimekukosa jikoni, nimekukosa kwenye foleni ya majani, nimekukosa hata ukinituma maji nikiwa nimechoka.

Sitakuamulia. Nilijaribu mara moja nikaishia kumenya ndizi. Ila ukiamua kurudi, na kaka akakuuliza ni nini kinachokuharakisha hivyo, mwambie ukweli. Mwambie kuna kijana Gesima anakungoja. Hana shamba, hana mama, usiku halali, na yuko juu ya kabati kwenye mfuko wa plastiki mpaka uje umwambie akalale.

Ni mimi binti yako, ambaye ng'ombe bado anadhani ni wewe.